Mvule Uliotupwa Uani: Habari za Makabati Kuukuu ya Jikoni

Kila mwaka, mwezi wa Shaabani unapoingia, nyumba nyingi za mwambao wetu, tangu Lamu hata Kilwa, hushikwa na homa ya usafi: kuta hupakwa chokaa, mikeka hukung'utwa, masufuria husuguliwa kwa majivu na mchanga hata yakang'aa, na katika pilikapilika hizo kabati la jikoni, ambalo kwa miaka mingi limevumilia moshi, mvuke wa wali, matone ya samli na vishindo vya milango yake lenyewe, hutolewa uani likaegemezwa ukutani, likingoja mwenye mkokoteni alichukue kwa bei ya kutupa au mpasua kuni aje na shoka lake. Mahali pake huja kabati jipya, jeupe, lenye vishikio vya rangi ya fedha, ambalo muuzaji amelisifu kwa maneno mengi na ambalo majirani huitwa kulitazama. Sina ugomvi na weupe wala na mng'ao. Bali nataka, kabla shoka halijanyanyuliwa, kumwomba msomaji atoke uani kwa dakika chache, ainame, avute saraka moja ya lile kabati lililofukuzwa na atazame namna lilivyoungwa, maana aghalabu kilichotupwa ni mti wenye thamani kuliko kilichonunuliwa, na fauka ya hayo ni kazi ya fundi aliyejua tangu siku ya kwanza kwamba iko siku fundi mwingine atakuja kuitengeneza tena.

Jambo hilo la mwisho ndilo ninalolishikilia. Fundi wa zamani hakuunga mbao zake kwa nia ya kuzifunga milele. Gundi yake ilichemshwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, nayo ina tabia njema ya kulegea tena ikipata mvuke na maji ya moto, hata kiungo kilichoshikana miaka 50 hukubali kuachana bila ya kuvunjika. Milango yake ilikuwa fremu ya vipande vinne, ndimi za kipande kimoja zikiingia katika matundu ya kingine, na ndani ya fremu hiyo ubao wa kati uliachwa huru katika mfereji mwembamba, haukutiwa gundi wala msumari, ili upanuke wakati wa masika na usinyae wakati wa kiangazi bila ya kujipasua. Parafujo zake aghalabu zilikuwa za shaba, kwa kuwa chuma hakipatani na hewa ya chumvi, na vichwa vyake vilikuwa na mfuo mmoja tu. Zile zenye alama ya msalaba zilianza kuenea baada ya Mmarekani Henry F. Phillips kupata hataza zake mwaka 1936, na kwa hiyo kichwa cha parafujo ni shahidi wa umri wa kabati, ijapokuwa shahidi huyo hasemi kweli siku zote, maana zile za mfuo mmoja ziliendelea kutumika miaka mingi baadaye. Kila kimoja katika vitu hivi, gundi, ulimi, ubao huru na parafujo, ni mlango ulioachwa wazi kwa mtu wa baadaye.

Kabati la jikoni, kwa hakika, si mkazi wa kale sana katika nyumba zetu. Katika nyumba za mawe za Lamu jiko lilikuwa juu, darini, ili moshi na joto viende zao bila ya kuwaudhi wenyeji, na vyombo vya fahari, sahani za kaure na mabakuli ya kutoka ng'ambo, havikukaa jikoni hata kidogo bali vilipangwa katika zidaka, vile vishubaka vilivyochongwa kwa chokaa katika ukuta wa chumba cha ndani, ambavyo hata leo humfanya mgeni asimame akatazama. Na katika Mji Mkongwe wa Unguja kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa na udongo, nene, zenye kupumua, na zenye chuki kubwa na misumari. Atakaye kutundika humo sanduku zito lililojaa sahani atapata kifusi sakafuni kabla ya kupata kabati ukutani. Ndiyo maana kabati lilipofika lilikuja likisimama kwa miguu yake minne. Lililopendwa kuliko yote ni lile la wavu: milango na mbavu zake zimetiwa wavu wa chuma badala ya mbao, upepo unapita, nzi hapiti, na kila mguu umesimamishwa ndani ya kopo la maji ili sisimizi, ambao hawajui kuogelea wala hawakati tamaa, wakomee ukingoni. Kabla umeme na jokofu havijaenea, mchuzi uliosalia jioni, maziwa yaliyochemshwa na mkate wa mofa vyote vilikuwa amana ya kabati hilo.

Yale makabati ya kushikana na ukuta, yaliyopangwa safu moja juu na safu moja chini, yana nasaba nyingine. Mwaka 1926 mbunifu wa majengo kutoka Vienna, Margarete Schütte-Lihotzky, alichora jiko kwa ajili ya nyumba mpya za mji wa Frankfurt, chumba chenye upana usiofika mita 2 na urefu wa karibu mita 3 na nusu, kila kitu kikiwa karibu na mkono wa mpishi, na jiko hilo likawekwa katika nyumba zipatazo 10,000. Wengi humtaja kwa sababu ya hesabu zake za hatua na dakika; mimi humheshimu zaidi kwa saraka yake ya unga, ambayo aliagiza itengenezwe kwa mti wa mwaloni, kwa kuwa mti huo una tanini inayowachukiza funza wa unga, ilhali mahali pa kukatia mboga palikuwa pa mti mwingine usiochafuka upesi. Huyu naye, kwa elimu ya chuo, aliuchagua mti kwa tabia yake, na hivyo ndivyo walivyofanya mafundi wetu kwa elimu ya karakana.

Basi tuangalie miti yenyewe, maana hapa ndipo mali ilipo. Ukikwangua kwa patasi kali mahali pasipoonekana, mathalan chini ya rafu au nyuma ya mguu, utaona chini ya masizi na rangi uso wa kwanza wa ubao, na kwa rangi, uzito na harufu yake utaweza kuutambua. Mvule huanza na manjano ya dhahabu na huiva kwa miaka mpaka kahawia iliyokoza. Una nguvu, haupendwi na mchwa, na una siri moja inayowatia hasira wapasuaji, kwamba ndani yake mara nyingine mna vijiwe vya chokaa vigumu kabisa, ambavyo huvunja meno ya msumeno na kuharibu makali ya randa kwa pigo moja. Msaji huteleza kidogo mkononi kwa mafuta yake ya asili na hunuka ngozi. Ndio mti wa majahazi, na leo hupandwa mashambani kwetu, Longuza huko Muheza na Mtibwa katika Morogoro. Mninga una wekundu wa kahawia wenye michirizi, nao katika miti yote ya kwetu husifiwa kwa utulivu, kwani ukishakauka haupanuki wala haupindi sana kwa mabadiliko ya hewa. Mkulo wa milima ya Usambara hutambulika kwa pua kabla ya jicho, kwa harufu yake ya kafuri, na kabati la mkulo lenye umri wa kuwa babu bado hutoa harufu hiyo pale linapopigwa msasa. Mkangazi ni mwekundu na mwepesi wa kufanyiwa kazi. Mtu aliyepata mojawapo ya miti hii katika kabati lake la uani amepata ubao uliokauka miongo mingi ndani ya nyumba, umekwisha kupinda kama ulitaka kupinda na umekwisha kupasuka kama ulitaka kupasuka, na ubao wa namna hiyo hauuzwi katika duka lolote, kwa kuwa umri hauuzwi.

Fundi mmoja wa Ngamiani, mjini Tanga, ambaye karakana yake imejaa milango isiyo na nyumba na miguu isiyo na meza, aliletewa kabati na mama mmoja mtu mzima aliyekuja nalo juu ya mkokoteni. "Mwanangu," mama akamwambia, "nichongee jipya, na hili nipasulie kuni." Fundi akalizunguka kabati, akapiga mlango kwa kifundo cha kidole, akaunusa, akasema, "Bibi, kuni hizi ni ghali mno kwa kuchemshia maharage. Niachie wiki mbili, na likikuchukiza nitalinunua mwenyewe." Nasikia fundi hakulipata.

Wala si kila kabati lililochongwa kwa msaji au mvule limepona. Lipo la kukaguliwa kwanza, na ukaguzi huanzia chini, kwa sababu maradhi ya kabati hupanda kutoka sakafuni. Maji ya kuoshea jiko yamenywewa na miguu. Ukiuchoma mguu kwa ncha ya bisibisi na ncha ikazama kwa urahisi, mguu huo ukatwe na uungwe mpya, nayo ni kazi ya nusu siku. Kisha tazama matundu madogo ya dumuzi. Tundu la zamani lina weusi ndani yake, ilhali tundu jipya lina weupe na chini yake huanguka unga laini. Tandika kitambaa cheusi chini ya rafu kwa siku kadhaa, na unga ukionekana ujue wenyewe bado wamo. Mara nyingi wadudu hawa hula ile sehemu nyeupe ya nje ya mti, yenye wanga, wasiweze kuuingia moyo wake; kwa hiyo kabati ambalo fundi wake alikuwa mwaminifu, akaiondoa sehemu hiyo kabla ya kuchonga, huwa limesalimika. Mafuta ya taa, ambayo wengi huyamwaga kwa ukarimu, huua wachache waliopo juu na huacha harufu isiyotoka. Maji yaliyoyeyushwa boraksi, yakipakwa juu ya mti mtupu usio na vanishi, hufanya kazi iliyo bora. Anayetaka kutumia joto na akumbuke kwamba kipimo cha kimataifa cha mbao za kufungia shehena ni nyuzi 56 kwa dakika 30 hata katika kiini cha ubao, na jua la uani peke yake, hata liwe la Februari, haliahidi hivyo.

Kusafisha ndiko kunakochosha, na pia ndiko mwenye nyumba anakoweza kujifanyia bila ya fundi. Mafuta ya jikoni yakichanganyika na moshi huwa ngozi ya pili, yenye kunata, nyeusi, iliyozidi rangi kwa unene. Mkono wa kwanza wa mtu wa pwani huenda kwenye magadi, na magadi katika maji ya vuguvugu kweli huikata ngozi hiyo. Lakini yawe machache na yasuuzwe mara, kwani miti yenye tanini hukoza na kuwa myeusi ikikutana na magadi, na weusi huo hauondoki kwa sabuni. Madoa meusi yanayozunguka misumari ya chuma ni ndugu yake: chuma, unyevu na tanini vimekutana vikafanya wino, nao huondolewa kwa asidi ya oksaliki, ambayo ni sumu na haifai kushikwa bila ya glavu. Bawaba na vitasa vya shaba havihitaji dawa ya duka. Ukwaju, au ndimu na chumvi, vimekuwa vikitosha tangu zamani, na vinatosha hata sasa.

Ikiwa kabati lilipakwa rangi, hapa nataka msomaji asimame. Rangi za mafuta za zamani aghalabu zilitiwa risasi, madini ambayo vumbi lake huharibu akili ya mtoto na afya ya mimba. Mapema, mwaka 1921, Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mkataba wa kuzuia matumizi ya risasi nyeupe katika upakaji wa rangi, na hata hivyo Marekani haikuikataza rangi ya nyumba yenye risasi ila mwaka 1978, kwa hiyo asiwepo mtu wa kudhani kwamba kabati la nyanya yake, kwa kuwa ni la nyanya yake, limesalimika. Rangi ya namna hiyo haipigwi msasa mkavu wala haichomwi kwa moto wa gesi. Hulowanishwa, hukwanguliwa ikiwa majimaji, mabaki yakafungwa katika karatasi, na nguo za kazi zikafuliwa peke yake, watoto na wajawazito wakiwa mbali. Tahadhari ya vumbi haikomi kwa rangi: vumbi la mvule lenyewe huwasha ngozi na hubana kifua cha mwenye pumu, na barakoa ya fundi si pambo.

Kama halikupakwa rangi bali lina ngozi ya kung'aa tu, yako mambo mawili ya kujaribu kwa kitambaa mahali palipofichika. Dondosha spiriti: ngozi ikilegea na kunata, hiyo ni shelaki, polishi ya kale itokanayo na utomvu wa wadudu wa Bara Hindi, na habari ni njema sana, kwa sababu shelaki mpya huungana na ya zamani na huenda usihitaji kukwangua chochote. Spiriti ikishindwa na thina ikafaulu, hiyo ni lakiri ya viwandani. Vikishindwa vyote viwili ni vanishi ya mafuta, nayo inataka msasa na subira, kwanza msasa namba 80, kisha 120, kisha 180, daima kwa kufuata nyuzi za ubao na si kwa kuzikata, kwani mikwaruzo ya kukata nyuzi haionekani wakati wa kazi ila hujitangaza siku vanishi inapopakwa.

Swali linalofuata, la nini cha kupaka, limezaa ushauri mbaya mwingi, na mkubwa wao ni mafuta ya nazi. Mafuta ya nazi ni neema katika wali na katika nywele, lakini hayakauki. Hukaa juu ya ubao yakikusanya vumbi, na baada ya muda huoza na kunuka. Mafuta ya kitani hukauka, nayo ni mema, ila kitambaa kilichoyanywa kisikunjwe na kutupwa pembeni, kwa maana mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa huweza kuwaka chenyewe usiku bila ya kiberiti. Kianikwe wazi, au kizamishwe majini. Wapo hata waliopendekeza sifa, mafuta ya ini la papa yanayopakwa majahazi, na kwao sina jibu ila kuwatakia jiko la mtu mwingine. Kwangu mimi, sehemu ya juu inayopata maji na sufuria za moto ipate vanishi ngumu. Milango ipate shelaki au vanishi. Na ndani ya saraka pasipakwe mafuta kamwe, kwa kuwa harufu hufungiwa humo ikahamia kwenye unga na majani ya chai, bali pasuguliwe nta ya nyuki, ile ya Tabora au nyingine yoyote safi, ambayo huifanya saraka iliyokuwa ikikwama iteleze kwa kidole kimoja. Msaji na mvule vina jambo la ziada: mafuta na utomvu wake huzuia gundi kushika na huichelewesha vanishi kukauka, basi uso wao upanguswe kwa thina muda mfupi kabla ya kupakwa.

Viungo vilivyolegea nimeviacha mpaka sasa kwa kusudi, kwa sababu haraka ya kuvikaza ndiyo iliyoua makabati mengi. Mtu huona mlango unayumba, huchukua msumari wa inchi tatu na nyundo, na kwa mapigo manne hupasua ulimi uliodumu zaidi ya maisha ya baba yake. Kiungo kilicholegea hufunguliwa kwanza, gundi ya zamani ikaoshwa kwa maji ya moto mpaka mti utokee, kwa maana gundi nyeupe ya leo haishiki juu ya gundi kuukuu, ndipo kikaungwa upya na kubanwa siku nzima. Na kuna kulegea kusiko na ugonjwa. Katika hewa yenye unyevu wa asilimia 80, ambayo si ngeni Tanga wala Mombasa, ubao hutulia ukiwa na maji ya karibu asilimia 16 ya uzito wake mkavu, na katika hewa ya asilimia 50 maji hayo hushuka hata karibu asilimia 9; mtumishi wa serikali aliyehamishiwa Dodoma akalichukua kabati la mama yake ataona miezi michache baadaye milango imepungua upana, nyufa zimefunguka, na saraka zinacheza. Asimlaumu fundi wa Tanga, wala asitie gundi siku ya kwanza. Aliache kabati lizoee nchi yake mpya, kisha alitengeneze kwa kipimo cha huko.

Baada ya hayo kabati laweza kurudi jikoni. Lakini si lazima lirudi, na mara nyingine kulihamisha ndiko kulitendea haki. Kabati la wavu, ambalo jokofu limelinyang'anya mchuzi na maziwa, lingali bora kuliko jokofu kwa vitunguu, viazi na ndizi zinazoiva, vitu vinavyopenda hewa. Na nimeona moja limewekwa barazani kwa viatu, jambo lililonishangaza kwanza na kunipendeza baadaye, kwani ni kitu gani kinachohitaji upepo kuliko viatu vya wanafunzi? Kabati la juu lenye kitasa hufaa kuwa la dawa, mradi litundikwe mbali na mvuke wa bafu na juu ya mkono wa mtoto. Kabati la chini, likitolewa milango ya kati ili magoti yapate nafasi, huwa dawati, na saraka zake zilizozoea vijiko huzoea kalamu bila ya malalamiko.

Wanaoligeuza kuwa rafu ya vitabu, nao ni wengi, hawajui uzito wa elimu. Mita moja ya vitabu huweza kufika kilo 30 au kupita, ilhali rafu ya jikoni ilikusudiwa bilauri na vikombe, na katika mwaka wa pili itakuwa imejikunja katikati. Dawa yake ni ya bei rahisi: ukakamavu wa ubao huzidi kwa kipeo cha tatu cha unene wake, yaani unene ukiwa mara mbili ukakamavu huwa mara nane, kwa hiyo kipande chembamba cha mninga kilichosimamishwa ukingoni na kugandishwa chini ya sehemu ya mbele ya rafu hufanya kazi kubwa kuliko umbo lake. Saraka zisizo na kabati hufaa kwa kuoteshea miche ya mnanaa na mchaichai, baada ya kutobolewa chini. Lakini zile zilizowahi kupakwa rangi ya kale zisitiwe mboga, wala mbao zake zisichongewe kitanda cha mtoto.

Nimesema sana juu ya mti mgumu, na mwenye kabati la mbao za chembechembe atauliza kama hana haki yake. Mbao hizo, zilizoanza kutengenezwa viwandani Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili, ni vumbi na vipande vya mti vilivyoshindiliwa kwa gundi, zikafunikwa kwa karatasi au plastiki; zina manufaa yao, hazipindi na hazina nyuzi za kupasuka, lakini zikinywa maji huvimba na hazirudi tena, na parafujo ikitoka katika tundu lake mara mbili haina pa kurudi. Hazikutengenezwa kwa kutengenezwa. Hata hivyo si zote za kutupwa: ikiwa sanduku lingali kavu na uovu uko miguuni tu, sehemu iliyovimba ikatwe na sanduku likalishwe juu ya fremu ya mti halisi, tundu la bawaba ya kisasa, lile la duara la milimita 35, likiwa limevunjika, lizibwe kwa kizibo cha mti na gundi, kisha litobolewe upya, kingo zote zilizo wazi zipakwe vanishi mpaka zishibe, na mara nyingi yatosha kubadili milango tu, ukaweka ya mti, sanduku likabaki lile lile. Uvimbe ukiwa umefika kwenye viungo, hapo sina tena la kulitetea. Lakini hata wakati huo lisiingizwe mekoni, maana gundi na plastiki yake havifai kuwa moshi wa chakula.

Kabati likishakamilika, na liwe limekwenda chumba gani, lisibanwe ukutani. Wakati wa masika ukuta wa chokaa na wa saruji vyote hutoa jasho, na mgongo wa kabati, ambao fundi aliupa mbao nyembamba kuliko zote, hunywa jasho hilo usiku na mchana. Vidole vinne vya nafasi vyatosha, na chini ya kila mguu kipande cha kigae au cha mpira ili maji ya kupigia deki yapite bila ya kuonjwa. Vanishi ipewe muda wa kutoa harufu yake yote, milango ikiwa wazi na saraka zikiwa zimevutwa, na katika kurudisha vitu vianze vya chuma na vya kaure, vifuate vya kioo, na unga, mchele na majani ya chai vingoje mpaka mtu aweze kuingiza kichwa ndani ya kabati asinuse kitu ila mti.